Ulimi Haujui Maji Salama: Kisima, Mvua na Bomba Mtwara na Lindi

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, ulimi ndio unaoamua maji yapi ni ya kunywa na yapi ni ya kufulia. Maji ya bomba yakitoka na harufu ya dawa, yanaingia kwenye pipa la kufulia, na mtoto anatumwa kwa jirani mwenye kisima chenye maji matamu akachote dumu moja la kunywa. Ukipanda Newala au Tandahimba utaambiwa hakuna maji yanayoyafikia ya mvua. Ukienda Kilwa, kwa watu waliokulia maji ya chumvichumvi, hutakosa anayesema kwamba maji yasiyo na ladha hayamkati kiu.

Mazoea hayo yana sababu zake na sitaki kuyadharau. Lakini ulimi una upofu mkubwa. Unachonasa vizuri ni chumvi, chuma, klorini (ile dawa ya bombani) na tope, na vingi kati ya hivyo, kwa kiasi tunachokutana nacho, vinakera zaidi kuliko kudhuru. Vinavyolaza watoto hospitalini, yaani vimelea vya kinyesi, naitreti (chumvi itokanayo na mkojo na kinyesi), madini ya risasi na mara nyingi mabaki ya viuatilifu, vinaweza kuwepo kwa kiwango cha kudhuru bila kubadili ladha, rangi wala harufu. Ndiyo maana mtu anaweza kuyakimbia maji yaliyotiwa dawa, akaenda kunywa kwa moyo mweupe maji yaliyopita chini ya choo.

Swali linalofaa kuulizwa kabla ya ladha ni maji yamepita wapi. Maji hubeba yalichogusa njiani: paa, udongo, shimo la choo, bomba lililotoboka, dumu, na mwisho kopo lililoshikwa na mtoto aliyetoka kuchezea mchanga. Nitayafuata ya huku kwetu kwa njia hizo, na nitakaa zaidi kwenye maji ya mvua, kwa sababu hayo ndiyo tunayoyaamini bila kuyakagua.

Kinyesi kwanza

Hatari kubwa kuliko zote, kwa mbali, ni kinyesi cha binadamu na cha wanyama. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini ya aina ya A, amiba na jiadia vyote hupita njia hiyo moja. Kemikali nyingi hudhuru kwa kunywewa miaka mingi, ilhali kinyesi hudhuru kwa gilasi moja. Kipindupindu kikali kinaweza kumkausha mtu mzima hadi kufa ndani ya saa chache asipopata maji ya ORS au dripu. Kwa watoto wadogo kuna madhara mengine yasiyo na kishindo: utumbo unaoshambuliwa mara kwa mara haufyonzi chakula vizuri, na mtoto anadumaa hata kama uji haukosekani nyumbani.

Maabara haiwezi kutafuta kila kimelea kimoja kimoja. Hutafuta E. koli, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Wengi wa jamii yake hawana madhara. Akionekana, tunajua kinyesi kimefika kwenye maji, na kinyesi kikishafika, vimelea vya maradhi vinaweza kuwa vimefuatana nacho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kipimo chenyewe ni cha kungoja: sampuli huwekwa kwenye joto maalumu kwa takriban siku nzima ili bakteria wazaane hadi waonekane.

Hapo nataka kusimama kidogo. Wauza vichujio wanaopita mitaani huja na kifaa kidogo cha kuchovya kwenye gilasi, kinatoa tarakimu, kisha wanakuambia tarakimu kubwa ni maji machafu. Kifaa hicho hupima wingi wa madini na chumvi zilizoyeyuka, basi. Maji ya mvua yenye kinyesi cha ndege yatapata tarakimu ndogo ya kupendeza, na maji mazuri ya kisima kirefu chenye chokaa yatapata tarakimu kubwa ya kutisha. Hakuna kifaa cha kuchovya na kusoma papo hapo kinachohesabu E. koli. Anayekuuzia kichujio kwa ushahidi huo, amekuuzia hofu ya kitu kingine.

Kisima, mchanga na matumbawe

Udongo ni kichujio kizuri pale maji yanapopita ndani yake polepole. Kwenye mchanga mwembamba, bakteria wengi hunaswa au hufa njiani kabla hawajafika mbali. Virusi ni wadogo zaidi, kwa hiyo husafiri mbali zaidi. Ila pwani yetu haina mchanga peke yake. Sehemu nyingi za Kilwa, Lindi na Mikindani zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lilelile lililojengewa nyumba za zamani za Waswahili, na jiwe hilo lina nyufa na vishimo. Humo maji hayachujwi, yanakimbia. Kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe kinaweza kupokea maji ya choo kilicho mbali yakiwa karibu jinsi yalivyotoka.

Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo la choo kubaki udongo mkavu wa kutosha kabla ya kufika usawa wa maji. Kwenye mitaa ya zamani ya mjini, ambako viwanja vimebanana, mita 30 inaweza kuwa nyumba tatu. Wewe umejitahidi kuchimba choo chako mbali, lakini jirani wa nyuma amechimba chake karibu na ukuta, usawa wa kisima chako, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Hilo ni jambo la kuzungumzwa na mwenyekiti wa mtaa kabla ya mtu kushika sururu, kwa sababu choo kikishajaa hakihamishiki. Kwa kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine kuna kibali cha kuombwa kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Wengi huona ni usumbufu, lakini hapo ndipo mahali pa kuulizia nani mwingine anachota kwenye maji yaleyale ya chini.

Wakati mwingine uchafu hauna haja ya kupita udongoni. Kisima kisicho na mfuniko, chenye kamba moja na ndoo moja ya watu wote, huchafuliwa kwa ndoo hiyohiyo. Inatuliwa chini pale ambapo kuku wamepita, kamba inaburutwa kwenye tope, kisha vyote vinazamishwa. Sakafu ya saruji kuzunguka mdomo, iliyoinamia nje na yenye mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, ina faida kubwa kuliko gharama yake. Na wakati mbaya kuliko yote ni mvua za kwanza za kifuku. Kinyesi chote kilichokauka juu ya ardhi miezi mizima huoshwa kwa siku chache na kutafuta mabonde na visima. Penye mafuriko, kama yaliyoikumba Kilwa Januari 2020, vyoo na visima huwa maji mamoja, na kisima kilichofunikwa na mafuriko hakinyweki mpaka kisafishwe, kitiwe klorini na kipimwe.

Choo kinapeleka kitu kingine kwenye kisima: naitreti. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni, ambayo udongoni hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, chumvi inayoyeyuka kabisa na isiyonaswa na mchanga. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima mara nyingi haimsumbui. Anayeumia ni mtoto mchanga, hasa chini ya miezi 6, anayetengenezewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikaanza kuwa za bluu. Mama akichemsha maji hayo mara mbili kwa kujihami, anaongeza tatizo, kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke na naitreti inabaki palepale. Mtoto wa umri huo anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji kabisa, na kwa hiyo hatari hii inamkosa.

Chumvi inayopanda

Maji ya chumvi yana maelezo ambayo kila mwenye kisima wa pwani anastahili kuyajua. Chini ya ardhi yetu karibu na bahari, maji baridi ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi. Tofauti ya uzito ni ndogo, na ndiyo inayoleta hesabu ya kushangaza: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu na utaona tishio lake. Pampu ikishusha usawa wa maji kwa mita 1 tu na kuuweka hapo, mpaka wa chumvi chini yake unaelekea kupanda karibu mita 40.

Kwa hiyo mtu anayefunga pampu kubwa, akavuta usiku na mchana ili kujaza maboza, anaweza kuwaharibia majirani wote, na chumvi ikishaingia huchukua miaka kutoka. Kisima kinachoanza kuonja chumvi jioni na kutulia asubuhi kinakupa onyo la mapema. Vuta kidogo kidogo, kipumzishe, na usiongeze kina, maana kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi ilipo.

Je, chumvi hiyo inadhuru? WHO haijaweka kikomo cha kiafya kwa sodiamu kwenye maji. Linachosema ni kwamba ladha huanza kukera panapo takriban miligramu 200 kwa lita. Lakini utafiti wa pwani ya Bangladesh, ambako watu wengi hunywa maji ya chumvichumvi, umehusisha maji hayo na shinikizo la damu, hasa kwa wajawazito. Ningekuwa na mgonjwa wa presha au mjamzito nyumbani, nisingempa maji ya chumvi kwa mazoea tu. Kuchemsha hakusaidii. Kichujio cha mchanga au cha udongo hakisaidii. Klorini haisaidii. Mashine za kuondoa chumvi zipo, ila ni ghali na hupoteza maji mengi, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida suluhisho ni kutenga maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya kinywa, na ya kisima yabaki ya kuoga na kuosha.

Maji magumu yenye chokaa, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yanaogopwa bure. Kwa ugumu wa maji WHO haina kikomo cha kiafya. Na chuma, kinachopaka kanga madoa ya kutu na kugeuza chai nyeusi ya kutisha, ni kero ya kweli lakini hutulia ukiyamimina maji kutoka ndoo hadi ndoo yapate hewa, ukayalaza usiku kucha na kumimina yale ya juu asubuhi. Floridi, madini yanayowapa watu wa Arusha na Manyara meno ya kahawia, ni shida ya ardhi ya volkano ya kaskazini. Tusiibebe bila kipimo, tuna yetu.

Kisima cha mvua cha Uwanda wa Makonde

Uwanda wa Makonde umeinuka mita mia kadhaa juu ya bahari. Mchanga wake ni wa kina kirefu, mvua ikinyesha inazama, na juu hakuna mto. Chemchemi zinatokea miguuni mwa mteremko, na kwa vizazi wanawake wa Newala na Tandahimba walishuka bondeni na kupanda na maji kichwani. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Kusukuma maji mlimani kunataka nguvu nyingi, na pampu zikisimama uwanda unarudi kutazama mawingu.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huchimba kisima cha mvua: shimo la ardhini lililosakafiwa kwa saruji, lenye mdomo juu, na mfereji wa bati unaoleta maji kutoka paani. Nilifunuliwa kimoja wilayani Tandahimba, kiangazi kikiwa kinaishia. Mwenyewe, mama wa makamo, alisogeza kipande cha bati kilichokandamizwa na jiwe, akateremsha ndoo kwa kamba ya katani. Maji yalipanda meupe kabisa, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vikijipinda kutoka chini kwenda juu. Kwenye ukuta wa ndani, juu ya usawa wa maji, ulionekana ufa mwembamba wenye mzizi mmoja uliochungulia. "Mwanangu, hao usiwaogope," aliniambia aliponiona nimeinamia ndoo. "Maji yangekuwa na sumu wasingeishi." Akayachuja kwa upindo wa kanga, akanikaribisha.

Hoja yake ina nusu ya ukweli. Viluwiluwi havileti ugonjwa vikimezwa, na uhai wao unaonyesha kwamba maji hayana sumu kali ya wadudu. Nusu ya pili ni kwamba viluwiluwi hula, na chakula chao ni uchafu uliooza: majani, vumbi, na kinyesi cha ndege na mijusi kilichooshwa paani. Kinyesi hicho hubeba bakteria wa kuharisha kama salmonela na jamaa zake. Tena mbu anayeeneza dengi hupendelea maji yaliyotulia karibu na watu, na kisima kisicho na mfuniko wa kubana humlea.

Halafu kuna korosho. Kuanzia karibu Juni, mikorosho inapotoa maua, wakulima hupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, kwa mashine za mgongoni, alfajiri umande ungalipo na upepo umetulia. Unga ule wa njano hautui kwenye maua pekee. Unatua kwenye mabati, kwenye mifereji, na unakaa huko hadi mvua ya kwanza. Salfa yenyewe haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji na sumu yake kwa binadamu ni ndogo. Madhara yake makubwa zaidi yapo udongoni, ambako bakteria huigeuza taratibu kuwa tindikali. Ninachokihofia zaidi ni dawa za kimiminika za kuua ukungu na wadudu zinazopulizwa msimu huohuo. Baadhi yake ni kali kweli, na hazionekani kwa rangi ya njano ili mtu aziogope.

Dawa ya hayo yote ni rahisi na inakataliwa kwa uchungu: mvua ya kwanza isiingie kisimani. WHO hushauri kumwaga angalau lita 20 hadi 25 za mwanzo kutoka kwenye paa la nyumba. Kwetu, ambako bati limekaa miezi mitano au zaidi bila kuoshwa na msimu wa kupuliza ukipita katikati, hicho ni kiwango cha chini. Chomoa mfereji, acha mvua nzuri ya kwanza ioshe paa, ndipo urudishe. Najua inauma kumwaga maji mahali ambapo dumu moja hununuliwa, lakini hayana haja ya kupotea. Yakinge kwenye pipa pembeni yafyatulie matofali na kufulia. Kabla ya hapo, mtu ashuke kisimani kingali kitupu, akombe matope, asugue kuta, na azibe ule ufa. Asishuke peke yake wala kwa haraka: acha mdomo wazi kupata hewa kwanza, na awepo mtu juu mwenye kamba, kwa sababu hewa ya shimo lililofungwa inaweza kumzimisha mtu.

Ufa ni jambo zito kuliko unavyoonekana. Kinachotoa maji nje kiangazi huingiza maji ndani masika, udongo wa nje ukiwa umelowa, na kama choo kiko jirani, kitaingia nacho. Kujua ni rahisi: weka alama ya usawa wa maji jioni, usichote, tazama asubuhi.

Faida moja ya saruji haitajwi sana. Maji ya mvua yana utindikali kidogo na hayana madini, kwa hiyo hupenda kuyeyusha kidogo cha kila chuma yanachokigusa, ikiwemo risasi ya viungio vya zamani au rangi ya paa yenye risasi. Saruji hupunguza utindikali huo. Maji yaleyale yakilala muda mrefu kwenye koki ya shaba nyeupe hayapati ulinzi huo, ndiyo maana maji ya kwanza ya asubuhi kutoka kwenye koki ni bora yaende kwenye ndoo ya kufulia.

Bomba na harufu yake

Maji ya mamlaka yanatoka sehemu nzuri kuliko sifa zake mitaani: visima virefu kwa upande wa Mtwara mjini, vile vya Ng'apa kwa Lindi, chemchemi ya Mbwinji kwa Masasi na Nachingwea. Yakitiwa klorini ipasavyo, inayobaki hadi kwenye koki inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Hiyo ndiyo harufu tunayoilalamikia. Kwangu mimi harufu hafifu ni habari njema, ina maana bado kuna askari njiani hadi ndani ya dumu langu. Anayeichukia ayaache maji wazi kwa saa chache, au ayamimine mara mbili tatu, itapungua.

Udhaifu wa bomba letu uko kwenye mgao. Bomba lenye maji ya kusukuma saa zote hutoa maji nje penye tundu. Bomba lililokatiwa maji hubaki tupu na hunyonya ndani kilicho nje, na pale lilipopita kwenye dimbwi au karibu na mfereji wa maji machafu, hicho ndicho linachonyonya. Maji yakirudi baada ya siku mbili, ya mwanzo huwa ya kahawia, na kwa furaha watu hukimbilia kuyakinga kabla hayajakatika tena. Tafadhali, ya mwanzo yaende chooni na kwenye maua. Na simtanki la nyumbani, lenye mfuniko uliopasuka na tope la mwaka mzima chini, linaweza kuyaharibu maji ambayo yalifika yakiwa mazuri.

Ndani ya nyumba

Tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha jambo moja tena na tena: maji yaliyo salama kwenye chanzo mara nyingi huwa machafu yakifika mtungini. Ukitazama ndoo ya kunywea iliyo wazi, na kopo la bati linaloelea ndani yake, utaona jinsi inavyotokea. Kila anayekuja kuchota huingiza kopo, na vidole hadi pingili ya kwanza. Akitoka shambani, chooni au kubadili nepi, vyote vimeingia. Chombo chenye mdomo mwembamba, au ndoo ya mfuniko yenye koki chini, kinafanya kazi kubwa kuliko vichujio vingi vya bei. Penye ndoo ya kawaida, kata yenye mpini mrefu itundikwe ukutani, isilale chini.

Madumu nayo yatazamwe yalikotoka. Dumu lililowahi kubeba kiuatilifu halioshiki. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa taratibu, hata kama harufu imekwisha kwa sabuni na mchanga. Msimu wa kupuliza ukiisha, vyombo hivi huzagaa na kuuzwa kwa bei ya chini. Vitobolewe visitumike kabisa.

Kutibu maji kunataka kujua kipi kinatibu nini. Kuchemsha hadi yatokote kwa nguvu huua bakteria, virusi na vijidudu vingine vyote vya maradhi, hata kwenye maji yenye tope, lakini hula kuni au mkaa na hakuachi kinga: yakipoa kwenye ndoo wazi yamerudi kuwa hatarini. Klorini, ya vidonge au ya maji kama WaterGuard, inaacha kinga hiyo, ukifuata kipimo cha kwenye lebo na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Hudhoofishwa na tope, kwa hiyo maji ya rangi yachujwe na kutulizwa kwanza. Mbegu za mlonge zilizotwangwa na kukorogwa humo hukusanya tope na kulizamisha, na mlonge tunao uani. Klorini haimuui kriptosporidiamu, kimelea kinachowasumbua hasa watoto wadogo na wanaoishi na VVU, na kwao kuchemsha ni bora. Pasipo kuni wala dawa, chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, maji maangavu, na jua kali kwa saa 6 juu ya bati, huua vijidudu vingi. Siku ya mawingu mazito, zianikwe siku mbili mfululizo.

Na kanga ya yule mama? Bangladesh walijaribu kuchuja maji ya mito na madimbwi kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hujibandika kwenye wadudu wadogo wa majini wanaonaswa na kitambaa. Kitambaa kikuukuu kilishinda kipya, kwa sababu nyuzi zake zimefumuka na kuyabana matundu. Nusu siyo yote, na kwa maji ya kisima cha mvua bado inatakiwa klorini baada ya kanga. Ila upindo uliokunjwa mara nne si ushirikina.

Kabla ya yote hayo kuna suala la wingi. Familia yenye dumu moja kwa siku hainawi mikono wala haioshi nyuso za watoto, na trakoma, ugonjwa wa macho uliowapofusha wazee wengi wa huku kusini, huenea hapo, hata kama dumu hilo moja ni safi kabisa. Maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa yanafaa sana kunawia.

Mwenye kisima akitaka kujua ukweli, Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mtwara. Chukua chupa ya maabara yenyewe, isiyo na vijidudu, usiifungue mpaka uko kisimani, usiguse mdomo wake, iweke kwenye baridi na ifike ndani ya saa 6. Omba E. koli, naitreti na chumvi. Hayo matatu yanajibu maswali mengi ya pwani kuliko orodha ndefu ya madini. Pima baada ya mvua za kwanza, maana kisima kinachofaulu Septemba kinaweza kufeli Januari. Kikifeli, kisafishwe, kitiwe klorini, kivutwe mpaka harufu iishe, kipimwe tena baada ya wiki chache. E. koli akirudi, usiendelee kumwaga klorini kisimani. Kinyesi kinaingia kila siku kutoka mahali fulani, na kazi iliyobaki ni kutafuta ufa, ndoo au choo hicho, na kuchemsha maji yote ya kunywa mpaka kipatikane.